Kufukua ukoo wa shemeji Mmarekani ukiwa Mwanza

Mke wa bro ni Mmarekani, wanakaa Bwiru, sasa mtoto wao kaanza kuuliza babu zake wa upande wa mama ni kina nani, nikatupiwa mimi kazi eti ndo mtu wa kompyuta. Huku kwetu ningepanda feri ya Ukerewe nikamkalisha bibi, anakutajia ukoo mzima huku anachambua dagaa. Wenzetu ni makaratasi, kwa hiyo andaa bando.

Anza na walio hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ni bure, unafungua akaunti tu. Sensa zao ni kila miaka 10 kuanzia 1790, ila majina ya watu wote wa nyumba (walio huru, watumwa hapana) yanaanza 1850, kabla ya hapo ni jina la mkuu wa kaya tu na wengine idadi. Ya 1890 karibu yote imepotea sababu ya moto wa 1921, usijichoshe.

Enzi za ukoloni wa Mwingereza huko kwao Marekani ndo utamu ulipo. Hakuna sensa ya nchi nzima, unakula na wosia na hati za mashamba. Wosia ni kama kikao cha ukoo baada ya arobaini, kila mtu anatajwa na fungu lake: kitanda kwa mke, ng'ombe kwa huyu, halafu unakuta "binti yangu Hannah, mke wa John fulani", hapo hapo umempata binti na mkwe kwa mpigo! Jimbo la Massachusetts miji yao iliandika vizazi na vifo mapema, jimbo la Virginia nenda kwenye vitabu vya kanisa.

Angalia neno "Junior" mwisho wa jina lakini. Mimi nilipoteza wiki mbili nikidhani ni mtoto wa Senior, kumbe zamani ilikuwa tu mdogo na mkubwa wenye jina moja mji mmoja, anaweza kuwa mpwa au hata sio ndugu kabisa. Na ukiona Februari 1731/32 sio kosa la karani, kabla ya 1752 mwaka wao ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari hiyo kwao ilikuwa bado 1731, kwa hesabu ya leo ni 1732.

Ukikwama kwa mwanamke asiye na jina la kwao, soma mashahidi na majirani kwenye hati ya shamba, mara nyingi baba yake yupo palepale mpakani. Ndo nilipo mimi saa hizi, jirani wa tatu.