Jinsi ya kumpima mzee presha nyumbani, na kwanini umpime pia akiwa amesimama

Siku hizi nyumba nyingi zina mashine ya presha kwa ajili ya mama au babu na hilo ni jambo zuri sana, ila mara nyingi mzee anapimwa ndo kwanza katoka kupanda ngazi au katoka kugombeza wajukuu, mkanda umefungwa juu ya sweta, anaulizwa maswali huku mashine inajaza upepo, namba ya juu inasoma 172 basi nyumba nzima inapagawa. Alafu mtu anaenda kumuongezea kidonge. Tafadhali sana msifanye hivyo, kidonge cha ziada kwa mtu wa miaka 75 kinaweza kumdondosha chooni usiku, na nyonga ikivunjika kwa umri ule ni shughuli nyingine kabisa.

Mashine kwanza. Chukua ya digitali inayofungwa juu ya kiwiko, zile za kufunga kama saa achana nazo, mkono ukikaa vibaya kidogo tu zinadanganya. Na angalia mkanda, watu hawaangaliagi kabisa hii. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wenye mzunguko wa sm 22 hadi 32, kwaiyo chukua tepu ya fundi cherehani umpime mzee katikati ya bega na kiwiko, kama mama ni mnene na umembana na mkanda mdogo namba itapanda bure na utamtibu ugonjwa ambao hana. Siku ya kliniki ibebe hiyo mashine mkalinganishe na ya kwao.

Sasa kupima kwenyewe. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala chai ya rangi, asivute sigara wala ugoro. Akojoe kwanza, kibofu kikijaa presha inapanda. Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo, sio kigoda wala ukingo wa kitanda, miguu yote chini asikunje nne, mkono uwe wazi bila nguo na upumzike juu ya meza au mto ili mkanda uwe usawa wa moyo. Akae hivyo dakika 5 kimya. Najua wazee wetu kukaa kimya ni kazi, hapo ndo anakumbuka msiba wa shangazi na shamba la kijijini, mwambie tu kwa upole "mama subiri kidogo nimalize alafu nakusikiliza", na ukimaliza kweli msikilize.

Pima, subiri dakika 1, pima tena, andika zote mbili kwenye daftari na saa uliyopima. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote, ule unaosoma juu zaidi ndo uwe unautumia siku zote. Kama kliniki inakaribia pima siku 7 mfululizo, asubuhi kabla ya dawa na jioni, namba za siku ya kwanza ziache maana mzee anakuwa na wasiwasi, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani wastani ukifika 135/85 au zaidi hiyo ni presha ya juu, hospitali wanaanzia 140/90, ila mzee aliyedhoofika sana daktari anaweza kumwekea lengo lake tofauti kwaiyo muulizeni yeye. Namba moja ya Jumanne jioni haikwambii kitu, daftari la wiki nzima ndo linaongea.

Sasa hili la kusimama ndo naomba mlishike. Ukishampima amekaa, au vizuri zaidi amelala dakika 5, msimamishe, wewe uko pembeni umemshika, mpime baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Kama namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi mzee wako presha inamshuka akisimama, na zile "nilisikia kizunguzungu tu nikajikuta chini" huenda zinatokea hapo. Inaweza kuletwa na dawa za presha zenyewe, hasa zile za kukojoza, au dawa za tezi dume, au kisukari cha muda mrefu, au tu hanywi maji ya kutosha kwa kuogopa kwenda chooni. Usimkatizie dawa mwenyewe, mpelekee daktari hizo namba, anaweza kupunguza dozi au kubadilisha muda wa kumeza. Wakati huo usiku akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu kama dakika moja hivi, ndo asimame akiwa ameshika kitu, na taa iwe karibu. Kopo la mkojo chumbani sio aibu jamani.

Kama presha haishuki na dawa anameza vizuri, chunguza anameza nini kingine. Diclofenac na ibuprofen, zile dawa za maumivu ya magoti, zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na wazee wanazinunua duka la dawa bila kusema. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, yaani gramu 5, ndivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) wanavyosema, na humo hesabu magadi kwenye maharage, vidonge vya mchuzi na ng'onda.

Mashine ikisoma 180/120 au zaidi na mzee hana dalili yoyote, mtulize, rudia baada ya dakika 5, ikibaki hapo wasiliana na kituo siku hiyo hiyo. Ila kama mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki, kifua kinabana au hapumui vizuri, usirudie kupima wala nini, ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama namba ni nzuri. Usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi, presha ikishuka ghafla ubongo unakosa damu, na usimpe chakula wala maji maana anaweza kupaliwa. Kumbuka saa dalili zilipoanza, daktari atauliza hiyo kwanza, na beba daftari na mfuko wa dawa zake zote pamoja na zile za mitishamba.