Jinsi ya kuandika historia ya Wamarekani Weusi kwenye Wikipedia, makala isifutwe

Makala ya historia ya Weusi ikifutwa, mara nyingi kosa limetangulia kuandika: mwandishi alianza na sentensi, kisha akatafuta vyanzo vya kuzibeba. Geuza mpangilio huo. Vyanzo vipo, na ni vingi, ila havikai mahali ambapo mtu huangalia kwanza.

Hatua ya 1: Chagua pengo dogo

Usianze na makala mpya. Fungua makala iliyopo ya mji, chuo, kanisa au timu ya michezo ya Marekani, uone kama inawataja Weusi walioishi na kufanya kazi hapo. Mara nyingi inaruka miaka mia nzima. Aya moja yenye marejeo matatu ndani ya makala inayosomwa kila siku ina faida kuliko makala mpya isiyo na kiungo hata kimoja kinachoielekea.

Ukitaka orodha ya kazi zinazosubiri, miradi ya kujitolea kama AfroCROWD, ulioanza New York mwaka 2015, na Black Lunch Table, unaojikita kwa wasanii Weusi, imeshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hatua ya 2: Akaunti

Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, akaunti haiwezi kuanzisha makala moja kwa moja mpaka ifikishe siku 4 na mahariri 10. Jiandikishe mapema, urekebishe tahajia na marejeo mahali pengine kwanza. Kama mnafundishana ukumbini, kila mtu afungue akaunti nyumbani siku moja kabla: anwani moja ya intaneti inaruhusiwa kufungua akaunti 6 tu kwa siku, na wa saba atakwama mbele ya ujumbe wa kosa huku mafunzo yakiendelea.

Hatua ya 3: Vyanzo, kabla ya neno lolote

Kipimo ni hiki: vyanzo viwili au vitatu vya kuaminika, visivyotoka kwa mhusika, familia yake au mwajiri wake, na vinavyomzungumzia kwa kina. Kutajwa jina katika orodha ya waliohudhuria hakutoshi. Ukikosa vyanzo hivyo, weka jina kando na uchukue lingine.

Magazeti ya Weusi ndiyo hazina kubwa. Chicago Defender lilianza mwaka 1905, Baltimore Afro-American mwaka 1892, na jarida la The Crisis la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mwaka 1910 chini ya mhariri W. E. B. Du Bois. Hayo yaliandika ndoa, mahafali, biashara na mazishi ya watu ambao magazeti ya Wazungu ya mji huohuo hayakuwagusa. Anza na Chronicling America, hifadhi ya magazeti ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo haina malipo. Hifadhi nyingi za kulipia zinafunguliwa bure kupitia Maktaba ya Wikipedia mara akaunti yako ikifikisha miezi 6 na mahariri 500, mradi umehariri mara 10 katika siku 30 zilizopita na hujafungiwa.

Unapotafuta, tumia maneno ya wakati ule. Gazeti la 1915 halitakuletea chochote ukiandika "African American". Andika "colored" au "Negro" pamoja na jina na mji. Mwanamke aliyeolewa huenda ameandikwa kwa jina la mumewe, yaani "Mrs." likifuatwa na majina mawili ya mwanamume, kwa hiyo mtafute mume pia. Tena kumbuka kwamba maandishi ya magazeti ya zamani yamesomwa na mashine, na mashine hukosea herufi: jaribu jina la ukoo peke yake, halafu mtaa, halafu kanisa.

Sensa nazo zina mipaka ya kujua. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zimetaja jina la mmiliki. Waliotumikishwa wamewekwa kwa umri, jinsia na rangi tu. Majina ya waliokombolewa yanaanza kuonekana kwa ukamilifu katika sensa ya 1870. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa mwaka 1921. Kwa miaka ya mwanzo baada ya ukombozi, kumbukumbu za Freedmen's Bureau, idara iliyohudumia waliokombolewa kati ya 1865 na 1872, huziba sehemu ya pengo.

Lakini nyaraka hizo ni malighafi. Unaweza kuzitumia kuthibitisha jambo la wazi, kama mji aliokuwa akiishi mtu. Huwezi kuunganisha sensa, cheti cha ndoa na orodha ya wakazi wa mji ukatoa hitimisho ambalo hakuna mwanahistoria aliyelichapisha. Huo unaitwa utafiti binafsi na utaondolewa, hata kama uko sahihi. Ugunduzi wa namna hiyo uchapishwe kwanza katika jarida la historia; baada ya hapo mtu mwingine ataurejelea.

Hatua ya 4: Tarehe zikigongana

Zitagongana. Mwanamuziki wa jazz Louis Armstrong alisema maisha yake yote kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Kumbukumbu ya ubatizo wake huko New Orleans, iliyopatikana baada ya kifo chake, inaonyesha 4 Agosti 1901. Frederick Douglass, mpigania ukombozi aliyezaliwa utumwani, hakuijua siku yake ya kuzaliwa, akajichagulia 14 Februari. Kwa watu waliozaliwa utumwani hali hiyo ni ya kawaida, na mkosaji si wao bali mfumo uliowanyima kumbukumbu.

Andika tarehe inayoungwa mkono na watafiti, kisha nyingine iwekwe kwenye tanbihi pamoja na chanzo chake. Pasipo uhakika, andika "takriban 1818". Usiikate tofauti kimyakimya: mhariri mwingine atakuja na chanzo cha pili, akubadilishie, na mtavutana wiki nzima.

Hatua ya 5: Andika kwenye ukurasa wa mazoezi

Sentensi ya kwanza ijibu: nani, lini, alifanya nini. Tuchukue Bessie Coleman. Rasimu nyingi huanza hivi:

> Bessie Coleman alikuwa mwanamke shujaa aliyeacha alama isiyofutika katika anga za dunia.

Mhariri atabandika onyo la lugha ya kusifu, na ana haki. Andika hivi:

> Bessie Coleman (26 Januari 1892 – 30 Aprili 1926) alikuwa rubani wa Marekani. Mwaka 1921 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza wa kike kupata leseni ya urubani, aliyoisomea Ufaransa baada ya shule za urubani za Marekani kumkataa.

Ya pili haina neno la sifa, lakini ina nguvu zaidi: kukataliwa kumetajwa, na waliokataa wametajwa. Fuata kanuni hiyo hasa unapoandika habari za ukatili. Usiseme "vurugu zilitokea" ilhali vyanzo vinasema makundi ya Wazungu yalichoma mtaa wa Greenwood mjini Tulsa tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Kutopendelea upande ni kusema vyanzo vinavyosema. Kuficha mtendaji ni kupendelea.

Rejeo liwekwe mara baada ya sentensi inayolihusu, likiwa na ukurasa:

`<ref>Jina la mwandishi, ''Jina la kitabu'' (mchapishaji, mwaka), uk. 27.</ref>`

Mwishoni mwa makala weka `<references />`, la sivyo tanbihi zitajipanga ovyo chini ya ukurasa.

Ukitafsiri makala ya Kiingereza kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, leseni inakudai utaje ilikotoka katika muhtasari wa hariri, kwa mfano: "Imetafsiriwa kutoka [[:en:Bessie Coleman]], waandishi wako kwenye historia ya ukurasa huo". Fungua kila rejeo kabla ya kulihamisha. Rejeo lililokufa au lisilosema kinachodaiwa huhamia lugha ya pili bila mtu kujua. Na tafsiri ya mashine isichapishwe hivyohivyo. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, huifuta, na wanafanya vizuri.

Hatua ya 6: Picha

Uzee wa picha peke yake haufuti hakimiliki. Kinachohesabiwa ni lini *ilichapishwa*: kwa Marekani, iliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita ni huru. Picha ya sandukuni ambayo haikuwahi kuchapishwa hulindwa kwa maisha ya mpiga picha na miaka 70 baada ya kifo chake. Njia salama ni picha zilizopigwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini. Zile alizopiga Gordon Parks mwaka 1942 akiwa Farm Security Administration, idara ya serikali hiyo, zimo humo. Pakia Wikimedia Commons, hifadhi ya picha ya pamoja, si kwenye Wikipedia yenyewe, ili lugha zote zizitumie.

Hatua ya 7: Jamii na viungo

Mweke Coleman kwenye jamii (kategoria) ya Wamarekani Weusi na pia kwenye jamii ya jumla ya marubani wa Marekani. Akibaki kwenye ya kwanza tu, anayepitia orodha ya marubani hatamwona, na ubaguzi utakuwa umerudi kupitia mpangilio. Unganisha makala na Wikidata, hifadhi ya data inayounganisha Wikipedia za lugha zote, ili ionekane katika lugha nyingine na isije ikaandikwa mara mbili. Halafu nenda kwenye makala nyingine tatu au nne zinazohusiana, uweke viungo vya kuielekea.

Hatua ya 8: Baada ya kuchapisha

Iweke makala kwenye maangalizi yako, yaani orodha ya kurasa unazofuatilia. Ikipendekezwa kufutwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza, mjadala huchukua takriban siku 7, na jibu linaloshinda ni vyanzo vipya, si maelezo ya umuhimu wa mhusika. Mtu akidai kwamba Chicago Defender ni gazeti la mtaani, mjibu kwa utulivu kwamba wahudumu wa treni za Pullman walilisambaza Kusini yote ya Marekani, na uweke rejeo la hilo. Usiite marafiki waje kupiga kura: mjadala haufuati hesabu ya kura, na akaunti mpya zikimiminika humdhoofisha anayetetea makala. Ukishindwa, omba makala irudishwe kuwa rasimu. Rasimu isiyoguswa kwa miezi 6 inaweza kufutwa, kwa hiyo iongezee kila chanzo kipya unachokipata.