Mwanza mpaka Guangzhou kwa ndege: jinsi ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na masaa

Watu wengi wa hapa Mwanza wanaofuata mzigo China wanaambiwa tu "jiandae, ni mbali", mtu analipia tiketi hajui hata kama hiyo njia inamzungusha. Hesabu yenyewe unaipiga ukiwa dukani kwako Makoroboi, simu mkononi.

Anza na umbali. Fungua Google Maps, bonyeza kwenye uwanja wa ndege ushikilie mpaka kile kialama chekundu kitokee, chagua kupima umbali, halafu sogeza ramani mpaka uwanja unaoenda. Mwanza hadi Dar utapata kama kilomita 850, Dar hadi Guangzhou moja kwa moja kama 8,700. Sasa pima na njia za kuunganisha: Dar, Addis Ababa, Guangzhou inafika kama 9,800, ukipitia Doha ni kama 10,000, yaani unaongeza zaidi ya kilomita elfu moja hewani kabla hata hujahesabu masaa ya kukaa kusubiri. Mi naona hili uliangalie kabla ya bei.

Masaa sasa. Chukua kilomita gawanya kwa 850, yaani mwendo wa ndege kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dar–Guangzhou inakuja kama masaa 10 na dakika 40, Mwanza–Dar saa moja na nusu, ila kama hiyo ya Dar ni ya pangaboi gawanya kwa 600, ni karibu masaa mawili. Kurudi huwa kunachukua muda zaidi kidogo kwa sababu upepo wa juu kule unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukienda unakusukuma na ukirudi unapambana nao.

Kwenye tiketi ndo watu wanachanganyikiwa. Kila saa iliyoandikwa ni ya pale uwanja ulipo, na China wako mbele yetu masaa 5. Tuseme imeandikwa kuondoka 16:00 kufika 07:40 na pembeni kuna ka +1 kadogo sana, hako kanamaanisha unafika kesho yake. Ukihesabu kwa macho unaona masaa 15 na dakika 40, toa 5, umebaki na zile 10 na dakika 40 za kweli. Na 16:00 ni saa kumi jioni yetu, tafadhali usije ukaelewa vingine ndege ikakuacha.

Halafu Dar usijibane. Ndege za nje zinaondokea Terminal 3, na kama tiketi ya Mwanza umekata mbali na ile ya China utachukua begi lako na kuanza chekini upya, kwa hiyo acha masaa manne au matano katikati, na kama ndege ya Mwanza ya kukuwahisha ni moja tu siku hiyo, bora uende Dar jana yake ulale.