Kupitisha Hoja za Amri Katika Skripti ya Sheli

Tuchukue karani wa chama cha msingi mkoani Mtwara, ambaye huhifadhi stakabadhi za korosho katika mafaili yenye majina kama `Ghala la Nanyamba.csv`, na ambaye ameandikiwa skripti iitwayo `tafuta`, yaani faili la amri zinazoendeshwa na sheli (programu inayosoma amri za mtumiaji), ili asilazimike kukariri amri ndefu ya `grep`, inayotafuta maneno ndani ya mafaili. Skripti hiyo hupokea hoja, yaani maneno yanayofuata jina la amri, na wajibu wake mkubwa ni kuzikabidhi kama zilivyofika, kama vile gunia lililokwisha kupimwa lisivyofunguliwa njiani.

```
#!/bin/sh
if [ "$#" -lt 2 ]; then
  echo "Matumizi: tafuta namba faili..." >&2
  exit 2
fi
namba=$1
shift
exec grep -F -e "$namba" -- "$@"
```

Kiini cha yote ni `"$@"`, yaani hoja zote zilizobaki, kila moja peke yake, pamoja na alama zake za kunukuu. Ukiziondoa, sheli hulikata jina la faili penye nafasi, na `grep` hutafuta mafaili matatu: `Ghala`, `la` na `Nanyamba.csv`. Ukiandika `"$*"`, kosa hugeuka upande wa pili, kwa kuwa majina yote huunganishwa yakawa jina moja refu la faili lisilokuwapo. Nimeona skripti nyingi zikifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa kwa sababu tu hakuna aliyekuwa ameweka nafasi katika jina la faili, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Amri ya `shift` huondoa hoja ya kwanza ili zibaki za mafaili peke yake. Alama `--` huzuia jina linaloanza na kistari lisidhaniwe kuwa chaguo, na `-e` huilinda namba vivyo hivyo.

Usiliache neno `exec`. Kwa kuwa `grep` huchukua nafasi ya sheli yenyewe, jibu lake la kumaliza kazi, ambalo ni tarakimu, humfikia aliyeita bila kubadilika: 0 ikiwa namba imepatikana, 1 ikiwa haikupatikana, na zaidi ya 1 palipo na hitilafu. Ukiongeza `echo` ya kupamba baada ya `grep` isiyo na `exec`, skripti itarudisha 0 hata kama namba ya mkulima haimo katika mafaili.

Kabla ya kumkabidhi karani, weka kwa muda `printf '[%s]\n' "$@"` juu ya mstari wa mwisho, kisha jaribu kwa jina lenye nafasi, jina lenye nyota ndani ya alama za kunukuu, na hoja tupu `""`. Kila hoja lazima ionekane katika mabano yake, kwenye mstari wake.