Malalamiko ya waumini wa ng'ambo: namna ya kuyaandika yasitupwe

Nimestaafu ukarani wa mahakama, lakini wachungaji na mashehe wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, hawajanistaafisha. Akivuka Ziwa Tanganyika mtu aliyepigwa au kufungiwa nyumba ya ibada, huletwa kwangu. Wengi wanataka barua kali. Mimi huandika barua kavu, na sababu ninayo.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, hupokea malalamiko kwa masharti ya ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Sharti mojawapo linakataza lugha ya kukashifu. Chama kimoja cha Kameruni kilipeleka tuhuma nzito za mateso, kikaiita serikali utawala wa watesaji. Mwaka 1997 Tume ikayakataa malalamiko hayo, lugha hiyo ikiwa sababu mojawapo. Mashahidi wa Yehova wa Zaire ya Mobutu (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), hapo ng'ambo ya ziwa tu, wao walieleza kukamatwa ovyo, kunyang'anywa mali za kanisa na kunyimwa elimu. Malalamiko yao yaliunganishwa na ya mashirika ya nje, na mwaka 1995 Tume ikaamua kwamba ibara ya 8, ya uhuru wa dhamiri na dini, imevunjwa.

Basi kaa na shahidi faragha, asiwepo hata mwinjilisti aliyemleta. Mwache aseme kwanza, kisha tafuta tarehe. Akisema "mwezi wa tano hivi", muulize: usiku ule mitumbwi ya dagaa iliwasha taa, au ilikuwa mbalamwezi? Watu wa ziwa hawasahau hilo, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Hapo nafungua kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwandamo wa mwezi, nihesabu siku. Ndiyo, kalenda ya msikitini ndani ya kesi ya walokole.

"Walitupiga sana" haitoshi. Nani? Sare gani? Alishika nini? Tenganisha alichokiona na alichosimuliwa. Malalamiko ya kuokoteza redioni peke yake hayapokelewi. Andika pia kama alikwenda polisi au mahakamani kwao. Kama alikimbia akihofia maisha yake, eleza kinagaubaga.

Mtu akiwa kizuizini sasa hivi, usisubiri Banjul. Mwandikie mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa uhuru wa dini au imani. Kwake, tofauti na Banjul, si lazima uwe umemaliza kwanza ngazi za mahakama za nyumbani. Ila pata kwanza ridhaa ya mhusika au familia yake.

Banjul wanataka jina la mlalamikaji, ingawa anaweza kuomba lisitangazwe. Waliobaki kule waite A, B, C, na orodha ya majina yao aitunze mtu mwingine. Picha za majeraha zisipite kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, hata kwa "kuombeana". Kwaya zetu zina ndugu pande zote mbili za ziwa.

Mwisho msomee shahidi maneno yake kwa lugha anayoielewa, arekebishe, ndipo aweke sahihi au dole gumba. Nakala ibaki kwako. Yeye asitembee nayo, maana akirudi kwao atapekuliwa.