Namna ya kufundisha tetemeko la ardhi kwa tofali na mpira wa baiskeli

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, nilikuwa jikoni hapa Bukoba nikimenya ndizi. Ulitangulia mshtuko mmoja mfupi kutoka chini, kama lori limegonga msingi wa nyumba. Nikaweka kisu chini, nikasimama, nikawa nageuka kumwita mwanangu. Hapo ndipo kuta zilipoanza kuyumba huku na huku na sufuria zikaporomoka kutoka kabatini.

Jumatatu yake mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, kwani chini kuna nini?" Nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka tisa, na jibu lililonijia lilikuwa picha ya kitabuni yenye mishale. Tangu siku ile naifundisha kwa vitu vya kushikika. Mwalimu mwenzangu, au mzazi mwenye watoto wadadisi, chukua utakachopenda.

Unahitaji yai la kuchemsha, mishumaa miwili, tofali moja, na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo, urefu wa mkono mmoja.

Anza na yai. Ligongegonge mezani mpaka ganda lipasuke vipande vikubwa, lakini usilimenye. Vile vipande ndiyo mabamba, yaani vipande vikubwa vya mwamba vinavyofunika dunia. Sipendi mifano inayodanganya, na huu haudanganyi sana: kutoka juu hadi katikati kabisa ya dunia ni kilomita 6,371, na bamba lina unene wa kilomita 100 hivi. Ukilinganisha, ganda la yai na mwili wake vinakaribia uwiano huohuo. Sukuma kipande kimoja kwa kidole gumba. Upande mmoja kitapandia jirani yake, upande wa pili kitaacha mwanya. Mwanya huo ndio Bonde la Ufa. Kwetu Tanzania unapanuka kwa takribani milimita 3 au 4 kwa mwaka, kwa hiyo tangu Uhuru wa 1961 umeongezeka shubiri moja hivi. Waambie watoto wapime shubiri zao ukutani, waone.

Ufa wenyewe una mikono miwili. Wa mashariki unapita Turkana, Natron na Manyara. Wa magharibi unapita Albert, Kivu, Tanganyika hadi Nyasa. Ziwa letu Victoria limekaa katikati ya mikono hiyo, na sisi wa Kagera tuko karibu na ule wa magharibi. Majirani zetu Waganda wana jina lao la tetemeko, musisi, na la zamani. Si jambo geni huku.

Sasa mishumaa. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, maana hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Karibu kila mtoto anakuja akiamini kwamba mabamba yanaelea juu ya bahari ya moto wa kimiminika. Sivyo. Mwamba ulio chini ya mabamba ni mgumu, lakini una joto kali kiasi kwamba, ukipewa muda, unatiririka. Mtoto atakuuliza, kitu kigumu kinatiririkaje? Asubuhi laza mshumaa mmoja juu ya vikombe viwili, ncha huku na ncha huku, uuache penye jua kali. Mchana urudi nao darasani. Utakuta umepinda katikati kama mgongo wa machela, na hakuna hata tone lililoyeyuka. Kisha mpe mtoto ule wa pili, uliokaa kivulini, aukunje ghafla. Pwa! Umevunjika. Nta ni ileile. Tofauti ni joto na muda. Ukiwa baridi na ukiharakishwa, unavunjika, na hilo ndilo tetemeko. Ukiwa na joto na ukipewa muda, unapinda, na hivyo ndivyo mwamba wa chini unavyosogea na mabamba juu yake.

Halafu tofali. Liweke kwenye sakafu ya saruji isiyosuguliwa, lifunge mpira, kisha mtoto mmoja avute polepole sana kwa mwendo uleule. Mpira unarefuka. Tofali halisogei. Unarefuka tena, darasa linanyamaza, na ghafla tofali linaruka mbele. Weka rula pembeni, wapime mpira ulirefuka sentimita ngapi kabla ya kila ruko, waandike mara ishirini. Kisha waambie watabiri ruko la ishirini na moja. Watakosea. Mvutano wanauona kwa macho, sehemu wanaijua, lakini saa hawaijui. Ndiyo sababu hakuna mtaalamu anayeweza kukutajia siku ya tetemeko, na anayekutumia ujumbe wa simu kwamba litapiga leo usiku, usimwamini. Wazo la mwamba kuvutika kisha kufyatuka lilielezwa na mwanasayansi Mmarekani, Harry Fielding Reid, baada ya tetemeko la San Francisco la 1906. Yeye alitumia vipimo vya ardhi. Sisi tunapima mpira.

Baada ya hapo watoe nje. Wapange mstari wa watoto kumi na watano, kila mmoja ameshika mabega ya mwenzake. Wa nyuma akisukuma mbele, msukumo unafika haraka: hilo ni wimbi la P, la kwanza kufika wakati wa tetemeko. Akiyumba kushoto na kulia, myumbo unakwenda taratibu zaidi: hilo ni la S. Kwenye miamba ya juu P hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde, S kama tatu na nusu. Hesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na myumbo, zidisha kwa 8, utapata takriban kilomita ulizo mbali na chanzo.

Nilirudia jikoni kwangu, saa mkononi: kuweka kisu, kusimama, kugeuka. Sekunde tano au sita. Mara nane, ni kilomita arobaini na kitu. Vipimo vilisema tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Nililia kidogo siku ile. Hesabu ya ubaoni ilikuwa imeingia jikoni kwangu, na katika mkoa wetu zaidi ya watu kumi na watano walikuwa wamekufa.

Volkano hazihitaji kifaa, kila mtoto amesimama jikoni. Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapasuka taratibu. Ugali ukichemka unatema na kukuunguza mkono, kwa kuwa hewa imenaswa kwenye uzito. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ya mlima Nyiragongo kule Kongo ni kama uji: tarehe 17 Januari 2002 ilikimbia hadi ndani ya mji wa Goma. Ya Ol Doinyo Lengai ni nyepesi zaidi na ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava nyingi hupita 1,000. Inatoka nyeusi kama oili chafu, na baada ya muda mfupi inakuwa nyeupe.

Dakika kumi za mwisho usizitumie kwa maswali. Piga kelele "Tetemeko!" na kila mtoto aingie chini ya dawati, afunike kisogo kwa mkono mmoja, ashike mguu wa dawati kwa mwingine. Hakuna kukimbilia mlangoni ardhi ikitikisika, kwani matofali ya juu ya mlango na ya ukuta wa pembetatu chini ya paa ndiyo huanguka mapema. Ardhi ikitulia, watoke kwa mstari hadi uwanjani, mbali na kuta na nyaya za umeme, wahesabiwe. Madawati yaliyoyumba wakati wa zoezi yawekee alama ya chaki, uyapeleke kwa fundi wiki hiyohiyo.