Samani za mkono wa pili ughaibuni: jinsi ya kuzichagua na kuzifufua

Ukishakabidhiwa funguo za nyumba ugenini, kishawishi cha kwanza ni kukimbilia duka la fanicha na kukijaza chumba kwa mkopo. Subiri kidogo. Godoro nunua jipya, hata kama itabidi ujibane, na ikilazimu lilaze sakafuni kwa wiki kadhaa huku ukitafuta vingine bila haraka. Meza, kabati, viti, rafu, taa, vioo na sufuria nzito vimejaa tele katika miji mingi ya nje. Vimetumika, lakini vingi bado viko imara, na mara nyingi mbao zake ni bora kuliko za vitu vipya vya bei ileile. Hakuna aibu yoyote hapo. Wenyeji wenye uwezo wao nao hununua vilivyotumika, tena kwa kujivunia.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: nunua kiunzi, usinunue sura. Mikwaruzo, rangi iliyopauka, kishikio kilichong'oka, doa kwenye kifuniko cha mto, yote hayo yanatengenezeka kwa jioni chache na vifaa vya bei ndogo. Fremu iliyopasuka, bodi iliyovimba kwa maji, harufu ya sigara iliyozama ndani ya sponji, na kunguni, hivyo viache hata ukipewa bure. Wengi hufanya kinyume. Huvutwa na rangi inayong'aa, na miguu inayocheza huonekana kitu kikishafika nyumbani.

Pa kutafutia

Facebook Marketplace ipo karibu kila mahali, na ndiko vitu vingi vinakopita siku hizi. Freecycle, mtandao ulioanzia Tucson, Arizona mwaka 2003, ni wa kugawiana vitu bure tu, na una vikundi katika nchi nyingi. Maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa kama msaada, yana faida moja ambayo mtandao hauna: unakigusa kitu kabla ya kutoa hela. Usisahau pia vikundi vya WhatsApp vya jumuiya yetu. Ndugu anayehama mji au anayerudi nyumbani huwa anataka nyumba iwe tupu kabla ya siku ya kukabidhi funguo, na bei yake huteremka kadiri siku hiyo inavyokaribia. Hata hivyo, kwa ndugu nako kagua kama kwa mgeni.

Majira yana uzito. Siku za mwisho wa mwezi, mikataba ya pango inapokwisha, vitu humwagika sokoni. Katika miji ya vyuo vikuu, mwisho wa mwaka wa masomo ni mavuno kabisa, maana wanafunzi wanaondoka kwa ndege na meza haiingii kwenye begi.

Kwenye mtandao, tafuta kwa lugha ya mahali ulipo, na tafuta kwa jina la mbao badala ya jina la kitu. Mwaloni ni mbao ngumu inayodumu miaka mingi, hivyo aliye Ujerumani aandike Eiche, aliye Ufaransa chêne, aliye Uswidi ek. Muuzaji anayejua thamani ya mali yake ataitaja mbao. Kinyume chake nacho kina manufaa: tangazo lenye picha ya giza na maneno "kabati la zamani" halipati wanunuzi wengi, na wakati mwingine ndilo lenye mali nzuri kuliko yote ya siku hiyo. Omba picha mbili zaidi, moja ya nyuma na moja ya droo ikiwa wazi. Ukiona mgongo wa kabati ni mbao halisi na kona za droo zimeshikana kwa meno yaliyochongwa yakaingiliana, badala ya pini, vaa viatu uende.

Usitume amana kwa kitu usichokiona. Anayesema "kuna watu watatu wanakuja, nitumie nusu nikuwekee" mwache awauzie hao watatu. Usimpe mtu tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu yako, hata akidai anahakikisha tu kwamba wewe ni mtu wa kweli. Nenda mchana, nenda na mwenzio, na lipa ukishaona. Mbuzi kwenye gunia huuzwa hata ughaibuni.

Vipimo na gari

Kabla ya kutoka, andika kwenye simu vipimo vya nafasi unayotaka kujaza, upana wa mlango wa nje, upana wa ngazi kwenye kona, na mlango wa lifti kama ipo. Kona ya ngazi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu sofa inapita mlangoni vizuri kisha inakwama hapo. Muulize muuzaji kama miguu inafunguka na kama kabati linavunjika vipande. Halafu piga hesabu ya gari, kwani kodi ya gari la mizigo kwa saa mbili inaweza kuzidi bei ya meza yenyewe, na hapo unafuu umekwisha. Ukiweza, panga vitu viwili au vitatu vya mtaa mmoja vichukuliwe safari moja.

Ukifika, kagua kwanza, bei baadaye

Sofa ndiyo inayohitaji macho makali, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Inua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Mguu wa pili wa mbele unapaswa kuwa umeshaanza kuinuka wenyewe. Ukibaki chini umetulia, fremu imelegea au ni dhaifu, na wewe huna namna ya kuitengeneza bila kuivua sofa nguo yote. Kisha kaa pande zote mbili na katikati, usikilize. Sponji iliyobonyea inabadilishwa kirahisi kama mito inatoka na kifuniko kina zipu. Kama imeshonewa humo ndani, hiyo ni kazi ya fundi makochi, na bei yake si ndogo.

Sasa washa tochi ya simu. Toa mito, pitisha kadi ngumu kwenye mishono na mikunjo, pindua sofa uangalie kitambaa cha chini na pembe za fremu. Kunguni mzima ana urefu wa takribani milimita 5, lakini mara nyingi utakachokiona kwanza ni nyayo zake: nukta nyeusi zilizokusanyika mahali pamoja, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, au vidoa vya damu. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kusema "imekaa stoo muda mrefu" hakumaanishi kitu. Ukiona dalili, aga kwa heshima uondoke. Vifuniko na mapazia unayoyaleta nyumbani yatie moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu kwa nusu saa. Vitu vidogo visivyostahimili joto viweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne kamili, ndani ya mfuko uliofungwa.

Kwenye mbao tafuta matundu madogo ya mviringo. Matundu ya zamani ni meusi ndani na makavu. Ukiona unga mweupe mpya unaomwagika chini yake, bungua bado wanakula. Bodi za unga wa mbao zilizogandishwa nazo zikaguliwe kingo za chini, hasa za makabati ya jikoni na ya bafuni. Zikivimba kwa maji hazirudi, wala rangi haiwezi kuficha.

Friji omba uikute ikiwa imewashwa na ina ubaridi. Ikisafirishwa ikiwa imelala, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mashine ya kufulia omba uione ikizungusha. Jambo lingine kwa wanaofikiria kuhama nchi au kupeleka mzigo nyumbani: Marekani na Kanada hutumia umeme wa volti 120, Ulaya ni 230, na Afrika Mashariki ni 230 hadi 240. Friji ya Marekani au Kanada haitakufaa Ulaya wala Afrika Mashariki.

Bei utaipunguza kwa utayari kuliko kwa maneno. "Nina hela taslimu na gari liko nje" humlainisha muuzaji kuliko kumtajia nusu ya bei kabla hujamsalimia.

Vya kuachwa kabisa

Kiti cha mtoto cha garini usikinunue kwa mtu usiyemjua, kwani kikishapata ajali moja hakiaminiki tena na ufa wake hauonekani. Kofia ya pikipiki au baiskeli ni vivyo hivyo. Vitanda vya watoto wachanga vyenye ubavu unaoshuka na kupanda vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa Marekani mwaka 2011 kwa sababu vilikuwa vinabana watoto, na bado mtu anaweza kukitoa kwenye stoo akakupa kwa nia njema.

Makabati marefu ya droo yafunge ukutani. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliita tena, yaani iliwataka wateja warudishe au wasitumie, makabati yapatayo milioni 29 nchini Marekani baada ya vifo vya watoto walioangukiwa. Mwenye nyumba akikataza kutoboa ukuta, mweleze ni kwa ajili ya nini. Wengi hukubali wakielewa. Ukinunua kitu chenye jina la kampuni na namba ya toleo, angalia kwanza kama kimeitwa tena: Marekani ni kwenye tovuti ya CPSC, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, na Umoja wa Ulaya ni Safety Gate, tovuti yao ya kutangaza bidhaa hatari.

Walio Uingereza watafute lebo ya moto iliyoshonwa kwenye sofa na mito. Sheria ya mwaka 1988 inadai vitambaa na sponji visiwake kirahisi, ndiyo maana maduka ya hisani huko hukataa sofa isiyo na lebo. Kwa samani kuukuu zilizopakwa rangi, kumbuka risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na Uingereza mwaka 1992. Rangi ya kabla ya hapo usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye mtoto au mjamzito. Vipimo vya risasi vinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Kulifufua kabati la droo

Nachukua kabati la droo kwa sababu ndilo lenye faida kubwa kwa anayeanza. Toa droo zote na uziandike namba nyuma, maana kila moja huzoea nafasi yake. Fungua vishikio. Osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukauke usiku kucha. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo sababu rangi yao hubanduka baada ya miezi mitatu: mafuta ya mikono ya miaka mingi hayakubali rangi kushika.

Kiungo kinachocheza usikipigilie msumari. Kivute kifunguke, kwangua gundi kavu ya zamani hadi mbao ionekane, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya ya kale. Tia gundi ya mbao, rudisha, ubane. Kama huna vibanio, zungushia kamba mara mbili, chomeka kijiti katikati ya kamba na ukisokote mpaka ikaze, kisha kifunge kijiti kisirudi. Acha saa 24. Droo inayokwama sugua reli zake kwa mshumaa.

Msasa anza na namba 120 kwenye mikwaruzo, malizia na 180 au 220, ukifuata nyuzi za mbao. Fanya hivyo nje au mlangoni, umevaa barakoa. Chunguza kwanza kama juu kuna ngozi nyembamba tu ya mbao iliyobandikwa. Hiyo isuguliwe kwa mkono, kidogo sana, kwani mashine huitoboa mara moja. Kwenye uso laini wa plastiki kata mng'ao tu, kisha pakaa praima, yaani rangi ya msingi, maalumu ya kushika.

Harufu ya stoo ndani ya droo huondolewa na jua na upepo, au bakuli la bikabonati ya soda, ile ya kuumulia keki, likae humo siku chache. Ikikataa kabisa, praima ya shelaki (aina ya utomvu) huifungia ndani, na huzuia pia madoa na vifundo vya msonobari kutokeza manjano juu ya rangi nyeupe.

Rangi pakaa mikono, yaani matabaka, miwili au mitatu myembamba. Mkono mmoja mzito hutiririka na haukauki sawa. Rangi nyingi za maji hazipendi baridi ya chini ya nyuzi 10, kwa hiyo wakati wa majira ya baridi gereji isiyo na joto itakuangusha. Itakauka kuguswa ndani ya saa chache, lakini ugumu wake kamili huja baada ya wiki mbili hadi nne. Katika muda huo usiweke televisheni wala chungu cha maua juu yake.

Kama mbao ni nzuri, usiipake rangi. Ipe mafuta ya kitani au nta, uache nyuzi zake zionekane. Mwaloni uliofunikwa kwa rangi ya kijivu unanisikitisha. Ila matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, kwani hujipasha moto yenyewe yanapokauka na huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje, au yaloweshe maji kwanza.

Mwisho badilisha vishikio, ukipima kwanza umbali kati ya tundu na tundu ili usilazimike kutoboa upya. Vishikio vipya hubadilisha sura ya kabati kuliko chochote, na siku ya kuhama utavifungua uende navyo, uvirudishe vile vya zamani ulivyovihifadhi. Ukiamua kuliuza kabati lenyewe, lipige picha mchana karibu na dirisha, taja kasoro zake zote kwenye tangazo, na mwachie mnunuzi rangi iliyobaki kwenye kopo.